Mirija ya Wageni

Kama kuna mwanamke mtaa mzima wa Kimisagara aliyewahi kuumizwa na kiti kisichozidi ukucha wa kidole gumba, ni Cécile. Usicheke. Kiti chenyewe kilikuwa na miguu minne, mgongo na mahali pa kupumzisha mikono, na alipokikanyaga asubuhi ile akitoka chumbani bila viatu, alipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna mwizi.

"Usisogee!" mumewe alimwambia kutoka mezani. "Mama Ihirwe, simama hapo hapo! Kimevunjika?"

Umeona? Hakuuliza mguu. Aliuliza kiti.

"Kimeniingia, Baba Ihirwe. Njoo ukichukue mwenyewe."

Théoneste alikuja, akapiga magoti, akakichomoa kwenye unyayo wa mkewe kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha na kukigeuzageuza. "Rangi imechubuka," alisema kwa huzuni ya kweli kabisa, kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Ya mgongoni. Basi nianze tena."

Ndivyo maisha yalivyokuwa katika nyumba ile mwaka wa 1991, tangu Théoneste apewe kazi ya hoteli. Usidhani ni hoteli ya watu kulala. Théoneste alikuwa fundi wa maketi, zile nyumba ndogo za mfano ambazo wachora majengo wa kule Kiyovu huwaonyesha wakubwa kabla msingi haujachimbwa. Miaka yote alizoea maketi za kawaida: ukuta wa kadibodi, paa, miti miwili mitatu ya sponji iliyochovywa rangi ya kijani, kazi imekwisha. Safari hii mchora majengo, bwana mmoja mpole mwenye miwani, alitaka hoteli yenye bwawa la kuogelea, na kando ya bwawa viti, meza, miavuli myekundu, taa za njiani na magari yaliyoegeshwa, kila kitu na rangi yake. Alieleza yote hayo kwa tabasamu, akaingia kwenye gari lake, akaondoka.

Kuchonga hakukumshinda Théoneste. Angekuchongea kuku kwa njiti ya kiberiti, tena kuku wa mayai. Kilichomshinda ni kupaka rangi. Kitu kidogo kama punje ya harage utakishika wapi ili ukipake pande zote? Ukikishika kwa vidole, kinabaki na alama ya kidole. Ukikilaza kwenye gazeti kinanata, na ukikibandua kinaondoka na nusu ya habari za mpira. Kwa hiyo alihitaji vishikio. Na vishikio, jamani, ndivyo vilivyomtia Cécile kichaa.

Alianza na vibanio vya nguo. Cécile alikuta sare ya shule ya Ihirwe, binti yao, imelala matopeni, kwa sababu kibanio kilichopaswa kuishika kilikuwa mezani kimeshika gari la bluu. Vibanio vilipoonekana vinaacha kovu kwenye rangi vilirudishwa kambani, lakini vilirudi na rangi yao, na mashati yakaanza kutoka na madoa mabegani. Vikaja vijiti vya brosheti, vile vya kuchomea nyama, vilivyochomekwa kwenye viazi vitamu. Hiyo ilikuwa akili nzuri kwa muda. Kisha viazi vikalegea, vijiti vikaanza kuinamiana, na asubuhi moja viti vyote vilikutwa vimegandana kama wachumba. Akajaribu kipande cha mgomba. Mgomba ukatoa maji, rangi ikaota malengelenge. Akajaribu mche wa sabuni. Eee, sabuni ilishika vizuri sana, hata Cécile alikiri, mpaka siku alipofulia shuka nyeupe, nayo ikatoka na michirizi myekundu.

"Baba Ihirwe," alimwambia siku hiyo, shuka mkononi, sauti imemkauka kwa hasira, "kuna kitu gani katika nyumba hii ambacho ni changu na hakiwezi kuwa kishikio?"

Théoneste alifikiri. Hilo ndilo lililomchoma zaidi mkewe: alifikiri kweli, akitazama ukutani, akitazama chini ya meza. "Chungu," alijibu mwishowe. "Chungu ni kikubwa mno."

Utamfanya nini mtu wa namna hiyo? Humwezi. Nyumba nzima ilinuka rangi na tapentaini. Mito ilinuka, maharage yalinuka, nywele za Ihirwe zilinuka mpaka mwalimu wake akauliza kama wanauza petroli. Wenyewe hawakuisikia tena harufu hiyo. Wageni ndio waliokunja pua mlangoni.

Wakati mwingine Cécile angenung'unika, angemeza, angeendelea. Aliolewa na fundi, alilijua hilo. Lakini sasa Karangwa alikuwa anakuja, na mambo hayakuwa ya kuchezewa.

Karangwa ni kaka mkubwa wa Théoneste. Aliuza vitambaa Muhima, si mbali, mtu unamfikia kwa miguu na ukirudi jasho halijakukauka. Hata hivyo miaka mingi ilikuwa imepita bila yeye kukanyaga nyumba hii. Sababu aliijua kila mtu na hakuna aliyeitaja. Siku Ihirwe alipobatizwa, mke wa Karangwa, marehemu Joselyne, alikunywa pombe hapa, kutoka mkononi mwa Cécile. Akacheza, akacheka, akaenda zake nyumbani. Tumbo likamshika. Haikupita wiki wakamzika. Daktari alisema utumbo ulitoboka, ugonjwa aliokuwa nao siku nyingi bila kujua. Haya, lakini nani alimsikiliza daktari? Mtaa ulichojua ni kwamba Cécile ni Mrundi, kazaliwa Buyenzi kule Bujumbura, kaja na Kiswahili chake na mapishi yake, na mama yake hapa hakuna anayemjua. Ikatosha.

Hakuna aliyemwambia usoni kwamba ametia sumu. Heri wangemwambia! Angejibu, na mdomo anao. Walichofanya ni hiki: akipeleka kikapu cha chakula msibani, kinapokelewa kwa mikono miwili na asante nyingi, na wakati wa kuondoka anakikuta nyuma ya nyumba, kitambaa hakijafunuliwa. Akimmiminia mwenzake soda, mwenzake anakumbuka ghafla kwamba ana vidonda vya tumbo. Na mtu wa kwanza kuweka chini kikombe cha Cécile bila kukigusa, palepale kwenye matanga ya mkewe, alikuwa Karangwa. Watu wote walimwona, na wote wakajifunza kwake.

Aliyemshikilia Cécile asianguke miaka hiyo yote ni Théoneste. Kila mkewe aliporudi na kikapu kimejaa, mwanamume yule angekaa, angefunua kitambaa, angekula. "Waache," angesema mashavu yamejaa ndizi. "Mimi nakujua." Kwa ajili ya maneno hayo Cécile alimsamehe vibanio, akamsamehe viazi, akamsamehe hata shuka, ingawa shuka ilichukua muda.

Sasa Shangazi Mukasine, dada ya baba yao, mwanamke mfupi mwenye rozari kubwa, alikuwa amemwandama Karangwa tangu Pasaka, akimfuata dukani, akimfuata kanisani, mpaka akasalimu amri. Atakuja Jumapili baada ya misa. Atakaa sebuleni kwa mdogo wake, na watakunywa kutoka chungu kimoja. Kwa watu wa hapa hilo si jambo la kupita tu. Kuchomeka mrija wako katika chungu cha mtu ni kutangaza mbele ya Mungu na majirani kwamba humwogopi. Karangwa akinywa, Muhima yote itajua Jumatatu, na jina la Cécile litakuwa safi. Asipokunywa, basi, Cécile atazikwa nalo lilivyo.

Kwa hiyo hakucheza. Pombe ya mtama hakuipikia nyumbani, aliipikia kwa Shangazi Mukasine kule chini Nyabugogo, ili bibi yule aone mtama ukisagwa, aone maji yakimiminwa, aone kila kitu kwa macho yake, asije mtu akauliza. Wiki nzima alishinda huko, anatoka asubuhi na kurudi jioni, mikono inanuka kimea. Nyumba ilibaki na Théoneste na hoteli yake.

Jioni moja aliporudi alikuta miavuli imesimama mezani, imekauka, myekundu inang'aa, haina alama ya kidole wala unyoya wala maandishi ya gazeti. Théoneste alikuwa amesimama kando yake mikono kiunoni, uso umemchangamka.

"Umetumia nini safari hii?" Cécile aliuliza kwa wasiwasi.

"Akili," mumewe alijibu.

Cécile aliangalia kamba ya nguo: vibanio vipo. Sabuni ipo, nzima. Viazi vipo kapuni. Alimshukuru Mungu, akajitupa kitandani na viatu vyake.

Jumapili asubuhi walianza na vita ya meza. Cécile alitaka hoteli iondoke sebuleni. Théoneste alisema rangi ya bwawa bado mbichi, ikitikiswa itaingia kwenye nyasi. Cécile alisema yeye hatampokea shemeji yake juu ya bwawa la kuogelea. Théoneste alisema Karangwa ni ndugu yake, ataelewa. "Ataelewa nini?" Cécile alifoka. "Mtu hajaingia hapa tangu mtoto huyu ananyonya, leo aingie akute umemwekea gereji?" Mwishowe walibeba pamoja, kila mmoja upande wake, wakitembea kinyumenyume na kukemeana, wakaisukuma hoteli pembeni ya chumba na kuifunika chandarua.

Ndipo Cécile akaenda nyuma ya kabati, akatoa mirija ya wageni. Kila nyumba ina mirija ya kila siku, iliyotafunwa na kukunjika. Hii ilikuwa mingine. Ilikuwa ya marehemu mama mkwe wake, matete marefu yaliyonyooka, yamesukiwa vichujio vidogo upande wa chini, nayo ilikaa imeviringishwa kwenye kitenge na haikuguswa ila kwa jambo kubwa. Aliiosha kwa maji ya moto, akaikung'uta, akaianika juani kidogo, akaiviringisha tena. Moyo ulikuwa unamdunda utadhani yeye ndiye bibi harusi. Ihirwe alitumwa kwa rafiki yake, asionekane.

Walikuja mchana. Shangazi Mukasine alitangulia, akipumua kwa nguvu kwa sababu ya mlima, na nyuma yake Karangwa, suti ya kahawia, kofia mkononi. Alikuwa amezeeka. Cécile hakutegemea hilo. Miaka yote alimbeba kichwani na sura ileile ya matanga.

"Karibu, shemeji," alisema.

"Asante, shemeji."

Akaketi karibu na mlango. Aliketi na kofia yake magotini, mtu wa kuondoka wakati wowote. Waliongea juu ya mvua. Wakaongea juu ya misa, kwamba padri alirefusha mahubiri. Wakaongea juu ya amri ya kutotoka nje usiku, kwamba itabidi wageni waondoke mapema kidogo, na Karangwa akaitikia hilo upesi mno. Théoneste alicheka kila baada ya sentensi, hata pasipochekesha. Shangazi Mukasine alimtazama Cécile, akamwonyesha kwa kidevu chungu kilicholetwa jana kutoka kwake.

Cécile alikiburuta katikati ya chumba. Povu lilikuwa limepanda vizuri, rangi ya udongo. Desturi ni mwenye nyumba aonje kwanza, mgeni aone kwamba kilichomo hakidhuru, na kwa kawaida Théoneste ndiye angeonja. Lakini Cécile alishakataa tangu wiki iliyopita. "Si wewe wanayemwogopa," alimwambia. Alichukua mrija wake wa kila siku, akapiga magoti, akavuta. Hakuonja kidogo, alivuta mpaka pumzi ikamwishia. Akameza. Akainua uso, akakaa palepale magotini akimtazama Karangwa moja kwa moja, ili amwone vizuri akiwa hai.

Kisha akafungua kitenge, akachagua mrija mrefu kuliko yote, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Karangwa aliupokea. Aliutazama, akautambua. "Wa mama," alisema polepole, na sauti yake ikalegea. Aliweka kofia chini. Shangazi Mukasine aliacha kuhesabu rozari. Karangwa akasogeza kiti, akachomeka mrija chunguni, akainama, akafunga macho kama mtu anayenywa dawa, akavuta.

Cécile aliiona pombe ikishuka kooni mwake. Mungu wangu, amekunywa! Furaha ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto.

Halafu uso wa Karangwa ukabadilika. Macho yalimtoka. Aliachia mrija, akatema sakafuni, akatema tena, mkono mmoja umeshika koo. "Nini hii?" alisema. "Nini hii? Inachoma!" Alijaribu kusimama, kiti kikaanguka. "Shangazi, inanichoma!"

"Yesu na Maria!" Shangazi Mukasine alinyanyuka.

Na Théoneste, aliyekuwa ameketi kando ya mkewe, aliruka wima, akamgeukia, rangi imemtoka usoni.

"Cécile!" alisema. "Umemtilia nini?"

Hakumwita Mama Ihirwe. Alimwita kwa jina kavu, kama polisi, na katika macho yake hapakuwa na swali. Alikuwa ameogopa. Alimwogopa yeye.

Cécile alibaki magotini. Alisikia maneno hayo yakiingia na hakuamini yametoka kinywa gani. Mtaa ungesema hivyo, sawa. Karangwa angesema, sawa, alishajiandaa. Alikuwa amejiandaa kwa kila mtu isipokuwa huyu.

Akanyoosha mkono, akaushika mrija ule uliokuwa umebaki chunguni umeinama, akautia mdomoni kabla Shangazi hajamzuia, akavuta. Alivuta kwa hasira, mashavu yakabonyea. Pombe ilimjaa kinywani, na ladha ile akaitambua papo hapo. Angekosaje kuitambua? Wiki nyingi alikuwa akiila kwenye maharage.

Alichomoa mrija, akafuta mdomo wake kwa kiganja, akautazama mrija kwa juu, ndani ya tundu. Kulikuwa na mduara mwembamba mwekundu.

"Baba Ihirwe," alisema, na sauti yake ilitoka tulivu kuliko alivyotaka. "Hii ni rangi ya mwavuli."

Théoneste alipokea mrija, akautazama, na polepole mdomo wake ukafunguka.

"Lakini niliisafisha," alisema. "Wallahi... niliisafisha yote! Kwa tapentaini! Nikarudia!"

"Ulisafisha nini?" Karangwa alikohoa.

"Mirija! Kaka, subiri. Subiri nikuonyeshe." Alikimbilia pembeni, akavuta chandarua, akarudi na mwavuli mwekundu kwenye ncha za vidole. "Tazama. Huu una mguu wa waya. Hauwezi kuushika, unaona? Lakini ukiuchomeka hapa juu, kwenye tundu la mrija, unakaa sawasawa! Upande wa chini unautia kwenye kopo la mchanga. Unazungusha hivi, unapaka hivi, hugusi kitu. Sabuni haifai, viazi havifai, mgomba haufai. Hii ndiyo inafaa!" Alikuwa ameshasahau kabisa kwamba mtu alikuwa anakufa. "Lakini tete linanyonya. Ndiyo, ndiyo, tapentaini imeingia ndani ya tete. Sikufikiria hilo."

Karangwa alitazama mwavuli. Akamtazama mdogo wake, aliyekuwa amesimama mbele yake na mrija wa mama yao umevishwa mwavuli kichwani. Kitu kikamtikisa mabega. Shangazi Mukasine alidhani ni degedege, akamshika. Kumbe ni kicheko. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtoka na machozi, mpaka akashika ukuta.

"Tapentaini!" alisema, akaapa kwa lugha ya kwao. "Yampaye inka! Mama angekuchapa, Théo! Mama angekuchapa kwa mirija hiyohiyo!"

"Angenichapa," Théoneste alikubali, naye akaanza kucheka, na Shangazi Mukasine akacheka mpaka rozari ikadondoka. Walicheka wote watatu, wakishikana. Cécile aliinuka, akaenda kuleta maji.

Karangwa alisukutua mdomo mlangoni, akarudi. Hakuketi karibu na mlango tena. Aliburuta kiti mpaka chunguni. "Nipeni kikombe," alisema. "Mirija ya nyumba hii siitaki." Cécile alimletea kikombe, akainama ili amchotee na kuonja, kama inavyotakiwa. Karangwa alimzuia kwa mkono. Akachota mwenyewe. Hakungoja mtu aonje. Alikunywa kikombe chote, koo linapanda na kushuka, akakigeuza juu chini kuonyesha kwamba hakikubaki kitu.

"Shemeji," alisema, na sasa hakuwa akicheka. "Nilikukosea. Nilikuwa na uchungu, nikatafuta pa kuutua, nikautua kwako kwa sababu huna ndugu hapa wa kukutetea. Niliijua ripoti ya daktari, niliisoma. Nisamehe."

Shangazi Mukasine alianza kulia waziwazi.

Haya sasa. Hayo ndiyo maneno ambayo Cécile aliyasubiri miaka yote. Alishayasikia kichwani akifua, akipika, akirudi na kikapu. Alidhani yakija atapiga vigelegele, au ataanguka chini. "Yamekwisha, shemeji," alijibu. "Mungu akubariki." Alisema kwa heshima, na alimaanisha, kwa sababu mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa amesema kweli na ilimgharimu. Lakini furaha aliyoitafuta hakuiona. Kila alipoitafuta alikuta sauti nyingine imekaa mahali pake, ikimwita kwa jina kavu.

Mchana uliobaki ulikuwa mzuri, kwa watu wengine. Karangwa alitaka kuiona hoteli. Ndugu wawili wale, watu wazima wenye mvi, walichuchumaa pembeni ya chumba na suti zao, wakiingiza viti vya ukubwa wa ukucha chini ya miavuli kwa kibano cha nyusi, ambacho, ndiyo, kilikuwa cha Cécile. Karangwa aliuliza kila kitu. Aliwapanga wageni wa hoteli, huyu mnene akae hapa, huyu na mkewe pale. Pombe ilipungua chunguni. Jirani alipita kusalimia, akaona Karangwa ana kikombe mkononi, akasahau alichokuwa amekuja kusema. Hata yeye alipewa akanywa. Cécile alimmiminia, na jirani hakukumbuka vidonda vya tumbo.

Jua lilipoanza kushuka wageni waliaga. Karangwa alisema Jumapili ijayo ni zamu ya kwake, na Shemeji apike zile ndizi za Kirundi. Shangazi Mukasine alimkumbatia Cécile kwa nguvu mlangoni. "Umeshinda, mwanangu," alimnong'oneza. "Leo ulale usingizi." Cécile aliwasindikiza mpaka kwenye kona, akasimama akiwatazama wakiteremka, kisha akarudi.

Théoneste alikuwa amesharudisha hoteli mezani. Alikuwa anapuliza vumbi kwenye paa, akiimba kwa pua.

Cécile aliokota vikombe. Akaokota kizibo cha soda kilichokuwa chini ya kiti. Alikipangusa kiti cha Karangwa, akakirudisha mahali pake, akabaki ameshika mgongo wa kiti hicho kwa mikono miwili.

"Baba Ihirwe."

"Naam."

"Kaka yako ameniomba msamaha."

"Nimesikia!" Théoneste aligeuka, uso umemwaka furaha. "Nani angedhani? Karangwa! Na mbele ya Shangazi! Sasa tuone nani mtaani atafungua mdomo."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe huna la kuniambia?"

Théoneste aliweka brashi chini. Mwanamume huyu hakuwa mbaya, msinielewe vibaya. Alimtazama mkewe, akaona kwamba macho yake yamejaa, na akafikiri. Alifikiri kwa bidii, paji la uso limekunjamana, akirudi nyuma kutafuta katika siku nzima ni kitu gani alichokosea. Cécile alimsubiri. Alikaza vidole kwenye kiti akamsubiri, akimwombea moyoni akipate.

Kisha uso wa Théoneste ukafunguka. Alikuwa amekipata. Alikuja mpaka mbele yake, akamshika mkono kwa upole.

"Kweli," alisema. "Nisamehe, Mama Ihirwe. Ningekuuliza kwanza. Nitakutafutia mirija mingine."